Mlowezi wa Mtaji: Utetezi wa Istilahi

Kuna kijarida kinachopita mkono kwa mkono katika steshenari za Musoma, kikiwaelekeza wenye fedha namna ya kuhamia Kanada kwa njia ya biashara. Kichwa chake, kwa herufi kubwa, ni hiki: "Programu ya Mteule wa Mkoa kwa Wajasiriamali Wahamiaji". Nimekisoma kwa utulivu kadiri nilivyoweza. Katika kichwa hicho, maneno yaliyosalimika ni ya, wa na kwa.

Jambo lenyewe halihitaji maelezo marefu. Mwenye ndugu Toronto au Vancouver ameshalisikia. Jimbo la Kanada humwita mtu mwenye fedha na uzoefu wa biashara, aje afungue au anunue biashara na kuiendesha mwenyewe. Akitimiza alichoahidi, jimbo humpendekeza kwa serikali ya shirikisho ili apewe ukaazi wa kudumu. Hoja yangu ni jina, na wanaodhani jina ni jambo dogo waendelee kutumia hilo la kijaridani, maana inaelekea limeshapita kwenye meza ya kamati fulani likagongwa muhuri.

Tuanze na mkoa. Mkoa wa Mara una mkuu anayeteuliwa na Rais. Hauna bunge wala waziri mkuu wake, na hauwezi kutunga sheria ya kumkaribisha mtu awaye yote. British Columbia ya Kanada ina vyote hivyo, na sauti yake katika uhamiaji haikutokana na hisani ya Ottawa: kifungu cha 95 cha Sheria ya Katiba ya mwaka 1867 kililiweka suala la uhamiaji, pamoja na kilimo, mikononi mwa bunge la shirikisho na mabunge ya majimbo kwa pamoja. Ukiacha Quebec, iliyoshika njia yake mapema, majimbo yalianza kupendekeza wahamiaji wake mwaka 1998, Manitoba ikiwa mstari wa mbele.

Kwa hiyo ni jimbo. Najua nitaambiwa kwamba jimbo limeshajaa: Bunda wana jimbo la uchaguzi na wana jimbo la askofu, na wazee wa Musoma wanakumbuka mji wao ulipokuwa chini ya Jimbo la Ziwa, enzi za Mwingereza. Naam, limejaa, na bado lina nafasi. Ukivuka Sirari, majimbo kwa Mkenya ni ule mfumo wa Katiba ya mwaka 1963 uliozipa sehemu za nchi mabunge yake, na maana hiyo ndiyo tunayoihitaji hapa.

Mteule ni kosa kubwa zaidi. Kwa Mkristo, mteule ni aliyechaguliwa na Mungu. Kwa mtumishi wa umma, ni aliyeamka asubuhi akalikuta jina lake kwenye taarifa ya Ikulu. Kote kuwili shughuli imekwisha. Jimbo la Kanada halina uwezo huo. Linapendekeza tu, kisha mwombaji anapanga foleni nyingine ya serikali ya shirikisho, anapimwa afya, rekodi yake ya polisi inapekuliwa, na neno la mwisho linatoka huko. Mwanachama yeyote wa chama cha siasa aliyewahi kuongoza kura za maoni halafu jina lake likakatwa ngazi ya juu anaijua tofauti kati ya kupendekezwa na kuteuliwa kuliko kamati nzima ya istilahi. Mpango wa Mapendekezo ya Majimbo, basi. Na mhusika ni mpendekezwa.

Mhamiaji nitampita haraka. Halina kosa la sarufi, ila katika magazeti yetu limeganda na haramu kiasi kwamba ukilisoma peke yake unalisubiri lile la pili. Watumishi wa serikali walipohamia Dodoma, sikusikia hata mmoja akiitwa mhamiaji.

Sasa mjasiriamali, na hapa ndipo ninapogombana na watu ninaowaheshimu. Neno limeundwa vizuri, na nitakuwa mchoyo nikilikana. Jasiri ni Kiarabu, mali ni Kiarabu, lakini kilichoviunganisha ni chetu, ile kauli ya kutendea: kujasiria mali, yaani kuthubutu kwa ajili ya mali. Wafaransa, ambao dunia imewakopa neno entrepreneur, walilitoa kwenye kitenzi chenye maana ya kulitwaa jambo mikononi. Richard Cantillon, Mwayalandi aliyefanya biashara Paris na ambaye kitabu chake kilichapwa mwaka 1755 yeye mwenyewe akiwa ameshafariki, alimweleza mtu huyo kuwa ni anayenunua kwa bei anayoijua ili auze kwa bei asiyoijua. Ujasiri umo humo wazi. Kwa mizizi peke yake, aliyeunda mjasiriamali alimkaribia Cantillon kuliko Wafaransa wenyewe.

Lakini neno huishi midomoni, na midomoni mjasiriamali ameshuka ngazi. Desemba 2018 serikali ilianza kugawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao ghafi hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Kivumishi wadogo kilidondoka njiani, na leo mjasiriamali ni mama anayeuza dagaa Mwigobero, ni kijana mwenye meza ya vocha stendi ya Bunda, ni kikundi cha akina mama wanaotengeneza sabuni na batiki Butiama. Simdharau yeyote kati yao; wananilisha. Ila tazama Kanada inamtafuta nani. British Columbia, katika njia yake ya kawaida, ilimtaka mwombaji mwenye mali yenye thamani ya dola 600,000 za huko baada ya kutoa madeni, awekeze angalau 200,000, na aajiri angalau mtu mmoja wa kudumu. Katika njia ya miji midogo, iliyoanza kama majaribio mwaka 2019, viwango vilikuwa nusu ya hivyo. Dola 600,000 ni zaidi ya shilingi bilioni moja. Mwenye kiasi hicho Musoma, awe anasindika minofu ya sangara au anapeleka mabondo China, anaitwa mfanyabiashara, na kwa siri anaitwa tajiri. Jaribu kumwita mjasiriamali mbele ya wapambe wake.

Ndiyo maana istilahi hii ina madhara. Mama wa dagaa akisoma kwamba Kanada inawaita wajasiriamali, ana haki kabisa ya kuamini ameitwa yeye. Ana hata kitambulisho. Dalali wa safari, ambaye hana shida yoyote na tafsiri ya kamati, atamwuzia fomu.

Katika mkoa huu tuna kisa cha zamani cha neno la biashara kugeuka likiwa mdomoni. Bepari limetoka Kigujarati, vepari, mfanyabiashara basi, bila tusi ndani yake. Lilikuja na wenye maduka wa Kihindi, wale waliofungua maduka hadi Musoma. Kisha likaja Azimio la Arusha, Februari 1967, na bepari akawa mnyonyaji. Mwaka 1969, mwana wa Butiama ambaye pia alikuwa Rais alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare na kuiita Mabepari wa Venisi. Yule mfanyabiashara wa Shakespeare, mtu mkarimu aliyejitia kwenye deni kwa ajili ya rafiki, akaingia Kiswahili akiwa bepari, tena kwa wingi. Wengine huliona hilo kuwa kosa la kitafsiri. Mimi namtetea Mwalimu: kwa mzizi wa Kigujarati alipatia barabara, na kwa masikio ya mwaka 1969 alijua anachokifanya. Mtunga istilahi huandikia masikio ya mwaka wake. Laiti waliotuletea mteule wa mkoa wangelisoma jalada lile tu, hata kama kitabu kizima ni kazi kubwa kwao.

Na mabepari hao wa asili wana sehemu katika habari ya Kanada. Sheria ya mwaka 1971 ilipotwaa majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, Waasia wengi wa Tanzania walifunga mizigo, na wengi kati yao waliishia Kanada. Mwaka uliofuata Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90, na Kanada ikawapokea zaidi ya 6,000. Ujuzi wa biashara walikuwa nao, mtaji wengi wao waliuacha nyuma. Daraja rasmi la kuwapokea watu kwa sababu ya biashara, Kanada ililianzisha mwaka 1978, hao wakiwa wameshafungua maduka upya bila kupendekezwa na jimbo lolote.

Kundi la pili la wapinzani wangu husema: mwite mwekezaji, yaishe. Hayaishi. Kuwekeza kumetoka kwenye kuweka, na Kanada iliwahi kuwa na watu wa kuweka tu. Mpango wa wawekezaji wa serikali ya shirikisho, ulioanza mwaka 1986, mwishoni ulimtaka mtu aikopeshe serikali dola 800,000 kwa miaka mitano bila riba, kisha arudishiwe. Biashara ya kuendesha haikuwepo. Ulifutwa mwaka 2014. Jimbo la Prince Edward Island nalo lilimpendekeza mtu mapema kwa amana ya dola 200,000, ambayo angerudishiwa akifungua biashara na kuishi kisiwani. Wako wengi waliofanya hesabu, wakaisahau amana, wakachukua ukaazi na kwenda miji mikubwa. Mwaka 2018 mlango ule ulifungwa. Siku hizi utaratibu uliozoeleka ni kinyume chake: mtu husaini mkataba na jimbo, huingia kwa kibali cha kazi, huendesha biashara kwa muda uliokubaliwa, hukaguliwa, ndipo hupendekezwa. Jimbo halinunui fedha. Linamnunua mkaaji aliyebeba fedha.

Na mkaaji wa namna hiyo ana jina katika Kiswahili tangu kabla ya kamati kuzaliwa: mlowezi. Kulowea ni kufika ugenini na kukaa moja kwa moja, ukazoea, ukazaa, ukazikwa huko. Watu wa pwani wanatofautisha vizuri: mvuvi aliyekwenda dago atarudi msimu ukiisha, aliyelowea hatarudi. Kwenye mialo ya Ziwa tofauti ni ile ile, kati ya aliyepiga kambi kisiwani Rukuba kufuata dagaa na aliyejenga huko akaoa. Sikio langu husikia kulowa ndani ya kulowea, maji yaliyoingia kwenye nguo yasitoke. Silileti kama ushahidi wa asili ya neno, nalileta kwa sababu linasaidia kukumbuka. Ongeza mtaji, ambao ndio sharti lake la kuingia, upate mlowezi wa mtaji. Wingi wake ni walowezi wa mtaji, hali yenyewe ni ulowezi wa mtaji. Linanyambulika na linatamkika. Halijaunganishwa kama behewa kwa behewa, jinsi alivyofanya mwenzetu mmoja aliyekuja na mhamiajimali, neno linalomfaa dereva wa lori la kuhamisha vyombo.

Pendekezo hili niliwahi kuliwasilisha mahali panapohusika. Jibu lilikuwa kwamba mlowezi "lina historia". Nimekuwa nikijiuliza tangu hapo ni neno gani lisilo nayo. Wanachokusudia ni Nyanda za Juu za Kenya, Wazungu na mashamba ya watu. Kwanza, si kweli kwamba neno limebaki la Wazungu: Kigoma na Kagera, maofisa wa uhamiaji huwaita walowezi wakulima waliotoka Burundi na Rwanda miaka mingi nyuma na kuzaa wajukuu huku bila hati, na hao hawana shamba la kahawa la ekari elfu. Pili, Kanada ni nchi iliyojengwa na walowezi juu ya ardhi ya mataifa yaliyokuwepo kabla yao. Mtanzania anayekwenda kufungua duka British Columbia anaingia katika historia hiyo, apende asipende. Sioni sababu ya istilahi kumficha jambo hilo.

Hoja moja tu ya upande wa pili ina uzito. Kifungu cha 6 cha Hati ya Haki ya Kanada ya mwaka 1982 kinampa mwenye ukaazi wa kudumu uhuru wa kuishi na kufanya kazi katika jimbo lolote, hivyo mtu aliyependekezwa na Manitoba anaweza kesho kuhamia Toronto. Je, amelowea? Amelowea Kanada. Manitoba ikilalamika, ilalamike kwa Kikanada.

Matumizi, kwa kifupi. Anayejaza fomu ataulizwa thamani ya mali yake baada ya madeni, na ushahidi wa zilikotoka fedha, vyote vikihakikiwa na wahasibu wanaotambuliwa na jimbo. Ng'ombe mia tano wa Butiama ni mali, ila bila karatasi ni ng'ombe tu. Lugha hupimwa. Viwango hubadilika na milango hufungwa ghafla, kwa hiyo husomwa kwa jimbo lenyewe na kamwe visisomwe kijaridani.

Bado kitu kimoja. Baadhi ya njia hizi, ile ya miji midogo ya British Columbia mojawapo, humtaka mwombaji autembelee kwanza mji anaoutaka, aone soko na kuonana na wenyeji wanaohusika. Kijarida kimeiita "ziara ya upelelezi". Namwomba msomaji wa Bunda, akifika mbele ya ofisa wa viza na kuulizwa madhumuni ya safari, aseme ni ziara ya kukagua soko.