Jeevanjee: Tajiri wa Nairobi Aliyekosa Sauti Barazani

Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa huko Mombasa mwaka 1896, Waingereza walihitaji watu wa kazi kwa maelfu, tena upesi. Aliyewaletea vibarua wa kwanza kutoka Bara Hindi alikuwa Alibhai Mulla Jeevanjee, Mwislamu wa jamii ya Bohora, mzaliwa wa Karachi, aliyefika Mombasa mwaka 1890 baada ya kujaribu biashara Australia. Alikwisha kuwa wakala wa kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, na kandarasi ya reli ndiyo iliyomtajirisha. Kila reli ilikofika, naye alifika: kulisha wafanyakazi, kuvunja mawe, kujenga ofisi za serikali na nyumba za maafisa.

Nairobi ilipoanza kuwa mji, yeye alikuwa tayari na viwanja. Soko la kwanza la maana mjini humo lilikuwa lake, na mwaka 1906 aliwapa wakazi bustani katikati ya mji, akasimamisha humo sanamu ya Malkia Victoria. Zawadi ile ilikuwa pia hoja ya kisiasa: sisi nasi ni raia wa himaya hii, tutendeeni kama raia. Himaya haikuisikia. Mashamba ya nyanda za juu yalitengewa Wazungu, na mfanyabiashara wa Kihindi, hata awe na fedha za kuwazidi walowezi kumi, hakuruhusiwa kununua hata eka moja huko.

Kisa kinachonishangaza zaidi ni cha gazeti. Mwaka 1902 Jeevanjee alianzisha African Standard mjini Mombasa, akamwajiri mhariri Mwingereza. Mwaka 1905 akaliuza kwa Wazungu wawili. Likahamia Nairobi, likaitwa East African Standard, na kwa miaka mingi likawa mdomo wa walowezi waliotaka Wahindi wabanwe kila upande. Fedha za Jeevanjee ndizo zilizolizaa. Nyaraka zake kwa magavana hazikuwahi kuwa na nguvu kama ya gazeti lile, ambalo angaliweza kubaki nalo. Siasa yake ilikuwa ya ombi na ujumbe, na mtu wa namna hiyo huona gazeti kama biashara nyingine tu.

Mwaka 1909 aliteuliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria, mtu wa kwanza asiye Mzungu kuketi humo. Walowezi walikasirika. Lakini sauti moja iliyoteuliwa na gavana, mbele ya maafisa na walowezi, ingebadili sheria gani? Hakukaa sana. Mwaka 1910 alikwenda London kulalamikia ubaguzi, akafika mahali pa kupendekeza kwamba eneo lote la Afrika Mashariki ya Waingereza liunganishwe na himaya ya India.

Hapo ndipo wasifu wake unapopata doa, na si haki kulifunika. Alipigania usawa wa Mhindi na Mzungu. Mwafrika, ambaye ardhi ilikuwa yake, hakuwamo katika hesabu hiyo. Waingereza waliligundua pengo hilo wakalitumia: mwaka 1923 serikali ya London ilitangaza kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo ya kwanza Kenya, na kwa tamko hilo ikazima madai ya Wahindi, huku nyanda za juu zikibaki mikononi mwa Wazungu vilevile.

Jeevanjee alifariki mwaka 1936, utajiri wake ukiwa umepungua sana. Bustani ilibaki. Mwaka 1991, bei ya ardhi katikati ya Nairobi ikiwa imepanda, ulitangazwa mpango wa kujenga humo jengo la ghorofa la kuegesha magari. Mjukuu wake, Zarina Patel, aliongoza kampeni ya kuupinga, akisaidiwa na wakazi wa mji, na hoja yao ilikuwa nyepesi: mwenye ardhi aliitoa kwa umma, na umma haujaiuza. Mpango ukaachwa. Leo wanaoketi katika bustani hiyo mchana kubishana kuhusu bunge, kodi na uchaguzi wengi wao ni Waafrika, wazao wa wale ambao Jeevanjee hakuwaombea kiti.