Bia, Bendera na Sheria ya Bahari

Msafiri aingiaye leo katika ukumbi wa vinywaji wa meli ya matembezi bandarini Miami huwekewa mbele yake orodha ndefu ya bia: Heineken ya Uholanzi, Corona ya Mexico, Red Stripe ya Jamaika, Guinness ya Ireland, Budweiser ya Marekani, na pengine bia iliyopikwa ndani ya meli yenyewe. Huchagua kwa kadiri ya kiu yake na mfuko wake, wala haoni sababu ya kuuliza zaidi. Lakini mwanafunzi wa historia hana budi kuuliza. Kwa nini meli iliyojaa Wamarekani, iliyong'oa nanga katika bandari ya Marekani na itakayorudi papo hapo baada ya siku saba, hupeperusha bendera ya Panama au ya Bahama? Na bendera hiyo ina uhusiano gani na bia? Madhumuni ya insha hii ni kuonyesha kwamba maswali haya mawili ni ndugu wa tumbo moja, na ya kuwa mlango uliofunguliwa kwa ajili ya chupa ndio uliopitiwa baadaye na mshahara wa baharia.

Zamani bia haikuwa anasa melini. Maji yaliyotiwa katika mapipa ya mti yalioza baada ya majuma machache, na bia, kwa kuwa huchemshwa wakati wa kupikwa, ilidumu zaidi. Manowari za Uingereza zilimpa kila baharia galoni moja ya bia kwa siku, yaani kadiri ya lita nne na nusu, nayo ilihesabiwa pamoja na nyama na mkate kuwa posho. Wasafiri wa Mayflower waliofika pwani ya Amerika mwaka 1620 walihimizwa kuchagua haraka mahali pa kukaa, na moja katika sababu zilizotajwa ni kwamba bia ilikuwa inakwisha. Katika bahari za joto bia ilichacha upesi, na mahali pake pakatwaliwa na ramu, ambayo posho yake katika manowari za Uingereza haikukomeshwa mpaka tarehe 31 Julai 1970. Ugumu wa kuchukua bia safari ndefu ulipungua pale Louis Pasteur alipotoa kitabu chake juu ya bia mwaka 1876, na mitambo ya kutia ubaridi ilipoanza kutumika katika viwanda na melini. Tangu hapo chupa iliyozibwa vema iliweza kuvuka Ikweta bila ya kuharibika. Albert Ballin wa Hamburg alipoipeleka meli yake Augusta Victoria katika matembezi ya bahari ya Mediterania mwezi wa Januari 1891, safari ambayo wengi huihesabu kuwa mwanzo wa biashara ya meli za anasa, kinywaji kilikuwa kimekwisha toka katika hesabu ya posho na kuingia katika hesabu ya starehe.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa hadi mwaka 1920, wakati sheria mpya ilipoanza kutumika nchini Marekani. Sahihisho la kumi na nane la Katiba lilipiga marufuku kutengeneza, kuuza, na kuchukua vileo, na sheria iliyojulikana kwa jina la Volstead ikaeleza kwamba kileo ni kinywaji chochote chenye pombe kupita nusu ya sehemu moja katika mia. Kwa kipimo hicho hata bia hafifu kabisa ilikuwa haramu. Nchi kavu maana ya sheria ilikuwa wazi, ingawa utii haukuwa hivyo. Baharini hata maana yenyewe ilikuwa ya mashaka. Je, meli ya Marekani iliyo katikati ya Atlantiki ni Marekani, au si Marekani?

Swali hili halikuwa la wanachuoni peke yao. Baada ya Vita Kuu ya kwanza serikali ya Marekani ilijikuta inamiliki meli nyingi za abiria, baadhi yake zilizonyakuliwa kwa Wajerumani, nazo ziliendeshwa chini ya Bodi ya Meli. Bodi hiyo, iliyoongozwa na Albert Lasker, iliona kwamba meli isiyo na kinywaji haiwezi kushindana na meli za Waingereza na Wafaransa, basi ikaruhusu pombe iuzwe baharini. Mwaka 1922 August Busch wa St. Louis, bwana wa kiwanda cha Anheuser-Busch, alisafiri kwenda Ulaya katika meli ya serikali iitwayo George Washington. Mtu huyu alikuwa amekatazwa na serikali kupika bia, kazi ya baba yake, na hapo melini akaikuta serikali ile ile inauza kileo. Aliandika barua ya hasira, na malalamiko yake yakafikishwa kwa Rais Harding, ya kuwa serikali imekuwa mchuuzi mkubwa wa pombe ya magendo. Ni vigumu kumlaumu. Sheria inayomfunga raia na kumwacha mtunga sheria ina kasoro ambayo hata mlevi huiona.

Tarehe 6 Oktoba 1922 Mwanasheria Mkuu, Harry Daugherty, alitoa maoni yake: meli ya Marekani ni Marekani popote iendako, hivyo hairuhusiwi kuwa na kileo hata kama iko katika bandari ya mbali, na meli za kigeni haziruhusiwi kuingia nacho katika maji ya Marekani. Kwa neno hilo moja meli zote za bendera ya Marekani zilikaushwa.

Miongoni mwa waliodhurika ilikuwa kampuni ya United American Lines ya W. Averell Harriman, iliyokuwa na meli mbili nzuri, Resolute na Reliance. Inafaa nisimame kidogo hapa, maana historia ya meli ya kwanza ina uzi unaofika katika pwani yetu. Resolute ilijengwa Ujerumani, ikashushwa majini mwaka 1914 kwa jina la William O'Swald. Msomaji wa Unguja atalitambua jina hilo: ni jina la ukoo wa wafanya biashara wa Hamburg ambao katika karne ya kumi na tisa walikuwa na nyumba ya biashara Unguja, wakinunua kauri kwa wingi na kuzipeleka Afrika ya Magharibi zilikotumika kama fedha. Meli hiyo ilipita mikononi mwa Waholanzi wakati wa vita, ikaitwa Brabantia, kisha ikafika kwa Waamerika na kupewa jina la tatu. Mwishoni mwa mwaka 1922 ilibadilisha bendera pia. Resolute na mwenzake Reliance ziliondolewa katika daftari la meli za Marekani na kuandikishwa Panama.

Meli hizo hazikuhamia Panama. Wenye meli walikuwa Marekani, abiria waliwatafuta Marekani, faida waliitaka Marekani. Kilichohama ni karatasi na kitambaa cha mlingotini. Wenyewe hawakuficha sababu waliyoitoa: meli kavu haiwezi kushindana na meli zenye baa. Tangu hapo watu wakaanza kukaa chini ya bendera kama mtu akaavyo katika nyumba ya kupanga, analipa kodi ndogo kwa mwenye nyumba na kumhama amtakapo.

Mabishano yalifika katika Mahakama ya Juu ya Marekani. Kampuni za meli, Cunard ikiwa mbele, zilimshtaki Waziri wa Fedha, Andrew Mellon, na hukumu ikatolewa tarehe 30 Aprili 1923. Jaji Van Devanter, akisema kwa niaba ya wengi wa majaji, aliigawa bahari kwa maili tatu. Nje ya maili tatu sheria ya vileo haimfuati hata Mmarekani. Ndani ya maili tatu humkamata kila mtu, hata Mwingereza ambaye bia yake imefungiwa ghalani kwa lakiri wala haitanywewa mpaka aondoke. Jaji Sutherland hakukubali. Kwake yeye ilikuwa si haki kuiingilia meli ya taifa jingine kwa jambo ambalo halivunji amani ya bandari. Lakini wengi ndio washindao. Mwezi wa Juni mwaka ule ule maafisa wa forodha wa New York walipanda katika meli za Waingereza Baltic na Berengaria, wakavunja lakiri na kuchukua vileo. Ghadhabu ya London ilikuwa kubwa, nayo ilipozwa kwa mkataba wa mwaka 1924: meli za Uingereza ziliruhusiwa kuingia na vileo vilivyotiwa lakiri, na Wamarekani wakaruhusiwa kupekua meli za Waingereza zilizoshukiwa kwa magendo hata nje ya maili tatu, kwa umbali wa mwendo wa saa moja kutoka pwani.

Matokeo yake kwa biashara yalikuwa ya ajabu kidogo. Meli za serikali ya Marekani, ijapokuwa hukumu iliziachilia huru baharini, ziliwekwa kavu kwa sababu za siasa. Leviathan, iliyokuwa kubwa kuliko zote, ilianza safari zake za Atlantiki mwaka 1923 ikiwauzia abiria maji na kahawa. Mashindano na meli za kigeni hayakuwa mashindano. Na ulipokuja unyonge wa biashara baada ya mwaka 1929, meli za Cunard zilizokosa abiria wa kwenda Ulaya zilianza kuwachukua watu wa New York kwa siku chache tu kwenda baharini na kurudi, wakati mwingine bila kutia nanga bandari yoyote. Ziliitwa safari za kwenda popote pasipo mahali. Kusudi halikuwa kwenda, lilikuwa kunywa. Hata Mauretania, iliyokuwa imeshika sifa ya kasi katika Atlantiki kwa miaka ishirini, ilifanya kazi hiyo katika uzee wake.

Bia ilirudi Marekani tarehe 7 Aprili 1933, na marufuku yote yakaondolewa tarehe 5 Desemba mwaka huo. Kama bia ndiyo iliyokuwa sababu pekee ya kupanga bendera, ingetazamiwa kwamba mpangaji sasa arudi kwao. Hakurudi. Panama ilikuwa imekwisha tunga sheria ya mwaka 1925 iliyofungua daftari lake kwa meli ya mtu yeyote, na Liberia ikafuata mwaka 1948. Wenye meli walikuwa wamegundua kwamba bendera inayoruhusu chupa huruhusu na mengine: baharia wa bei nafuu, kodi ndogo, na kutosumbuliwa na vyama vya wafanyakazi. Wako wanaosema kwamba gharama ndiyo iliyokuwa sababu tangu mwanzo, na bia ilikuwa kisingizio tu. Mimi naona hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Gharama ilikuwapo siku zote, lakini mwaka 1922 isingekuwa rahisi kumwendea Mmarekani wa kawaida na kumwambia kwamba meli yake imekataa bendera yake ili isimlipe baharia. Kumwambia kwamba imeikataa ili yeye apate kunywa ilikuwa rahisi sana.

Jambo hili lilipata kipimo chake mwaka 1963, Mahakama ya Juu ilipoamua shauri la McCulloch. Meli zilizohusika zilikuwa za kampuni ya Marekani iliyochukua ndizi, zikipeperusha bendera ya Honduras, na mabaharia wake walikuwa watu wa Honduras. Swali lilikuwa kama sheria ya kazi ya Marekani inawahusu mabaharia hao na uchaguzi wa chama chao. Mahakama ilijibu kuwa haiwahusu, kwa sababu Kongresi haikuonyesha nia ya kuingilia mambo ya ndani ya meli ya kigeni. Mwanasheria atasema, na kwa haki, kwamba hukumu hii haipingani na ile ya mwaka 1923, maana uwezo wa Kongresi haukukanwa, ila nia yake haikuonekana. Lakini mwanahistoria huziweka hukumu hizo mbili ubavu kwa ubavu na kuona kilichotendeka bandarini: mkono wa sheria ulipanda melini ukaifikia bia iliyofungwa kwa lakiri, na miaka arobaini baadaye haukupanda kumfikia mtu aliyeibeba.

Juu ya msingi huo ndipo biashara ya leo ilipojengwa. Carnival ilianza Miami mwaka 1972, na safari yake ya kwanza ilikwama juu ya fungu la mchanga kabla haijatoka vema bandarini. Abiria, kwa kuwa hawakuwa na jingine la kufanya, walikunywa. Ilisajiliwa kuwa kampuni ya Panama, kama Royal Caribbean ilivyosajiliwa Liberia. Orodha ya bia imeongezeka tangu siku hizo. Mwaka 2010 meli ya Wajerumani AIDAblu iliwekewa kiwanda kidogo cha kupika bia kwa maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi, na Carnival Vista ikafanya hivyo mwaka 2016. Ufundi huu ulisifiwa kama jambo jipya, ingawa meli ya Waingereza Menestheus ilikwisha pika bia yake melini kwa ajili ya askari mara baada ya Vita Kuu ya pili.

Na sheria ya nchi kavu ingali ikiisindikiza chupa mpaka mpakani. Katika safari zianziazo Marekani kampuni hizi hazimwuzii bia mtu asiyetimiza miaka 21, na katika safari nyingi za Ulaya huridhika na miaka 18. Meli ikiwa bandarini, kodi ya jimbo yaweza kuongezwa katika hesabu ya kinywaji, na vyumba vya kamari hufungwa mpaka mpaka wa maji uvukwe. Aletaye sinia yenyewe, ambaye mara nyingi ni mtu wa Ufilipino, India au Indonesia, hutawaliwa na sheria ya bendera, pamoja na Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006 ulioanza kutumika mwaka 2013. Mkataba huo unaruhusu saa za kazi zifike 14 kwa siku na 72 kwa juma.

Meli moja kubwa inasimama mbali na jamii hii. Pride of America, inayozunguka visiwa vya Hawaii tangu mwaka 2005, hupeperusha bendera ya Marekani, kwa kuwa sheria ya mwaka 1886 hairuhusu meli ya kigeni kuchukua abiria kati ya bandari mbili za Marekani. Wahudumu wake wengi ni Wamarekani na hulipwa kwa sheria za Marekani. Bia za huko ni kama zile za meli nyingine, pamoja na za Hawaii kwenyewe.