Habari za Mafuta ya Midomo katika Nchi ya Mlima Meru

Huenda msomaji akastaajabu kuona tumeshika kalamu kuandika habari ya jambo dogo kama midomo iliyokauka. Vitabu vya mambo ya kale vimezoea kusimulia watawala, vita na mipaka ya nchi. Mafuta apakwayo mtoto na bibi yake asubuhi ya baridi hayapati nafasi humo. Walakini sisi twaona ya kuwa katika nchi ya Mlima Meru mafuta hayo yana historia, tena historia yenye uchungu ndani yake. Mara tatu, katika muda usiotimia miaka mia, mafuta yaliondolewa usoni pa watu: kwanza kwa tauni ya ng'ombe na vita, pili kwa sabuni ya shule, tatu kwa amri ya serikali. Leo yanarudi kwa mlango mwingine, na wengi wanaoyatengeneza nyumbani wadhani wanajifunza jambo jipya. Twataka kuonyesha ya kuwa si jipya, na ya kuwa yako mambo mawili matatu ambayo wazee waliyajua na sisi tuliyapoteza.

Ngarenaro ni mtaa wa mji wa Arusha, nao umepata jina lake kwa mto upitao hapo. Jina ni la Kimaasai. Engare ni maji, na narok maana yake ni -eusi. Basi Engare Narok ni maji meusi. Kaskazini-mashariki ya mlima iko Engare Nanyuki, yaani maji mekundu. Mji huu uko juu ya usawa wa bahari kadiri ya mita 1,400. Mvua za masika hunyesha tangu Machi hata Mei, kisha huja baridi ya Juni hata Agosti, nayo hali ya hewa usiku hushuka chini ya nyuzi 15. Baridi ikiisha, hufuata upepo mkavu wa Septemba na Oktoba pamoja na vumbi lake. Katika miezi hiyo midomo ya watu hukauka, hupasuka, hata hutoka damu. Sababu yake yajulikana: ngozi ya midomo ni nyembamba kuliko ngozi nyingine ya uso, wala haina vitundu vya kutoa jasho na mafuta ya kujilinda. Mtu akiona imekauka huilamba, na mate yakikaushwa na upepo huizidishia ukavu. Ndiyo maana mtoto alambaye midomo yake mchana kutwa hulala nayo ikimwuma.

Tuanze na maneno yenyewe. Kiswahili chetu cha siku hizi kina neno moja, mafuta, kwa vitu vingi: ya nyama, ya mbegu, ya taa, hata ya motokaa. Watu wa pwani walipambanua zaidi. Uto ni mafuta yaliyotolewa katika kitu kwa kukipika au kukikamua, kama uto wa nazi na uto wa ufuta. Samli ni siagi iliyochemshwa, nalo ni neno lililotoka kwa Waarabu, kama lilivyo neno marhamu, yaani dawa ya kupaka yenye mafuta. Nta ni neno la Kibantu, nalo lasikiwa katika lugha nyingi za jamaa hiyo. Kwa Kimaasai, ambacho ndicho lugha ya Waarusha pia, mafuta ni eilata, siagi ni enkorno, na udongo mwekundu wa kujipaka ni olkaria. Neno hili la mwisho lajulikana hata na wasiojua Kimaasai, kwa kuwa Olkaria ni jina la mahali karibu na Naivasha, nchi ya Kenya, panapotolewa umeme kwa mvuke wa ardhini.

Mafuta yaliyopendwa sana kwa uso na midomo ni yale ya mkia wa kondoo, maana kondoo wa Kimaasai ni wa aina iwekayo shahamu mkiani. Shahamu hukatwa vipande vidogo, hutiwa katika chungu pamoja na maji kidogo ili isiungue, na moto huwa wa polepole. Maji yakiisha kukauka, mafuta hubaki safi, na vinyama hukaa chini. Huchujwa yakali moto, kisha huwekwa katika pembe au kibuyu kidogo chenye kifuniko. Siagi ilitumiwa vilevile. Maziwa yalitikiswa katika kibuyu kilichofukizwa kwa kaa la mti uitwao oloirien, ndio mzeituni wa mwitu. Harufu ya moshi ule huingia katika maziwa, na watu waipenda. Penye mashamba, miguuni pa mlima, watu walijua pia mbarika, ambao wengine huuita mnyonyo. Mbegu zake hukaangwa, hutwangwa, kisha huchemshwa kwa maji mengi hata mafuta yakaelea juu na kuenguliwa. Kazi ile ya moto haikuwa ya bure. Mbegu mbichi za mbarika zina sumu kali iwezayo kuua, na moto ndio uivunjao. Wazee hawakujua jina la sumu hiyo, ila walijua ya kuwa haifai kuruka hatua ya moto.

Mafuta hayo hayakuwa dawa peke yake. Katika sherehe nyingi za Waarusha na Wamaasai kondoo huchinjwa, na mafuta yake hupakwa watu wanaobarikiwa. Vijana walichanganya mafuta na olkaria wakajipaka kichwani na mwilini kuwa pambo; lakini pambo hilo lilikuwa na faida nyingine, maana udongo ule mwekundu una kutu ya chuma ndani yake, nayo huzuia sehemu ya ukali wa jua. Basi kitu kimoja kilikuwa pambo, na baraka, na kinga. Aliyetaka kukitupa kwa sababu moja alizitupa zote tatu.

Sasa tueleze jinsi kilivyotupwa. Mara ya kwanza haikuwa kwa hiari ya mtu. Tangu mwaka 1891 hivi tauni ya ng'ombe iliipita nchi ya Wamaasai ikaua sehemu kubwa ya makundi yao, na njaa na ndui zikafuata. Mwaka 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa huko Meru. Majeshi ya Kijerumani chini ya Kapteni Johannes yakaja kulipiza, yakawapiga watu na kutwaa mifugo mingi. Miaka michache baadaye Waarusha walishurutishwa kujenga boma la Wajerumani, ambalo limesimama mjini hata leo. Nyumba isiyo na ng'ombe wala kondoo haina siagi wala shahamu. Mtu asome habari za vita hivyo akikumbuka jambo hili pia, ya kuwa mifugo ilipochukuliwa, dawa za nyumbani zilikwenda pamoja nayo.

Mara ya pili yatuhusu sisi wenyewe. Misheni ya Leipzig ilifungua kituo Nkoaranga mwaka 1902, na Ilboru mwaka 1904, na shule zikaenea. Neema ya shule hatuwezi kuikana, maana ndiyo iliyotupa kalamu hii. Walakini pamoja na kusoma kulikuja fundisho la kwamba mafuta ya kondoo ni uchafu, na mtoto safi ni yule anukaye sabuni. Katika shule moja ya misheni tuliyosoma, mwenye kuonekana anang'aa mafuta usoni alitolewa mstarini akaoge. Nasi tulipokuwa walimu tulitenda kama tulivyotendewa. Mwaka mmoja, mwezi wa Julai, tulimtuma mtoto bombani aondoe mafuta ya kondoo, maana harufu yake ilituudhi. Akaoga kwa sabuni ya kufulia na maji ya baridi. Siku ya nne tulimwita asome mbele ya wenziwe. Alipofungua kinywa mdomo wa chini ulipasuka, damu ikadondoka juu ya kitabu. Kesho yake bibi yake alikuja. Tulimwamkia, "Shikamoo, koko," kwa kuwa ndivyo aitwavyo bibi katika lugha yake. Akaitikia, kisha akatuuliza kwa upole: "Mwalimu, ulimwambia mjukuu wangu aoshe nini? Uchafu, au mafuta?" Hatukuwa na jawabu. Swali lile ndilo lililotufanya tuanze kuuliza habari hizi kwa wazee.

Mara ya tatu ilikuwa kwa amri ya serikali. Mwishoni mwa mwaka 1967, mwaka ule ule ambao Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari, ilianzishwa katika mkoa huu kampeni ya kuwafanya Wamaasai wavae nguo za kisasa, nayo ikaendelea mwaka 1968. Walikatazwa mavazi ya ngozi na lubega, wakakatazwa pia kujipaka mafuta yenye udongo mwekundu. Walioamuru walikuwa Waafrika wenzao, watu waliotaka kwa moyo nchi yao iendelee. Lakini kwa habari ya mafuta walisema yale yale yaliyosemwa na mwalimu wa zamani. Tena hawakutofautisha pambo na dawa. Kampeni ile ilipita, na leo lubega na olkaria vyaonekana tena. Ila katika nyumba nyingi za mji, mwenye kujua kuyeyusha shahamu alikuwa amekwisha kunyamaza.

Mahali palipoachwa wazi palijazwa na kopo la dukani. Mwaka 1872 Robert Chesebrough wa Marekani alipata hati ya kumiliki namna ya kutengeneza Vaseline, mafuta yatokayo katika mafuta ya ardhini. Sisi twaita mafuta ya jinsi hiyo mafuta ya mgando. Hatuyalaumu, maana huzuia vizuri unyevu usitoke midomoni. Tunalolaumu ni kusahau, na wenye hekima wamekwisha kutuonya tusiache mbachao kwa msala upitao.

Katika miaka hii tumeona Ngarenaro akina mama na vijana wakitengeneza mafuta ya midomo jikoni, kwa nta ya nyuki na uto wa nazi. Nta hupatikana kwa wafuga nyuki. Na huko Njiro, papo hapo Arusha, kiko kituo cha utafiti wa nyuki. Nazi ni mgeni wa kutoka pwani, ambaye njia yake ilikuwa rahisi zaidi tangu reli ilipofika Arusha mwaka 1929. Wengi wadhani mchanganyiko huu ni wa Kizungu cha leo. Lakini kuyeyusha nta pamoja na mafuta ni kazi ya kale sana; Galeni, tabibu wa Kiyunani aliyefanya kazi Roma katika karne ya pili, ajulikana kwa marhamu yake ya nta, mafuta na maji ya waridi.

Namna yake ni hii. Masega yaliyokwisha kukamuliwa asali huoshwa, huyeyushwa ndani ya maji ya moto, na kuchujwa kwa kitambaa. Maji yakipoa nta huganda juu. Kisha twaa fungu moja la nta kwa mafungu matatu au manne ya mafuta, kwa kupima uzito. Vitie katika chombo kidogo kilichosimama ndani ya sufuria ya maji ya moto, wala usiviweke juu ya moto wenyewe. Nta huyeyuka ikipata kadiri ya nyuzi 63. Koroga, mimina katika vikopo vikavu, uache vipoe bila kutikiswa. Ukitaka kujua ugumu wake kabla ya kumimina, dondosha tone moja juu ya kijiko baridi. Uto wa nazi huyeyuka penye nyuzi 24 au 25. Kwa hiyo Tanga na Dar es Salaam huwa maji karibu siku zote, na Arusha mwezi wa Julai huwa jiwe. Mtu wa huku atie nta kidogo kuliko mtu wa pwani. Shahamu ya kondoo ifaa badala ya nazi, nayo yataka nta kidogo zaidi kwa kuwa huganda yenyewe.

Yako makosa tunayoyaona. Wengine hutia asali. Asali haichanganyiki na mafuta, bali hushuka chini. Wengine hutia maji ya limau ili kunukia. Hayo huichoma midomo iliyopasuka, na ndimu na limau zikipigwa na jua juu ya ngozi zaweza kuibabua. Kopo lisichovywe kidole chenye maji, maana maji huleta ukungu. Vidonda vya pembe za mdomo visivyopona vyaweza kutoka katika upungufu wa damu au ugonjwa mwingine, navyo vipelekwe hospitali. Tena mafuta ya nta hayazuii jua ya kutosha. Ndugu zetu wenye ualbino wasiyategemee. Kwa ajili yao yalitengenezwa huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, mafuta ya kukinga jua yaitwayo Kilisun. Na atakaye kuuza alichotengeneza ajue ya kuwa tangu mwaka 2019 vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Aende huko kwanza.

Mtoto yule tuliyemtuma bombani ni mtu mzima sasa. Bibi yake amekwisha kufariki, wala hatukuandika kwake ila maneno machache kati ya mengi aliyoyajua. Twawaomba wasomaji, hasa walimu, waulize katika nyumba zao kabla wazee hawajaondoka: mafuta ya midomo yaliitwaje katika lugha yenu, yalitoka kwa mnyama gani au mti gani, yaliwekwa katika chombo gani, na nani aliruhusiwa kumpaka nani? Majibu yakiandikwa yatafaa. Nasi wenye shule, tukimwona mtoto anang'aa mafuta asubuhi ya Julai, tumwache aingie darasani asome.