Taaluma ya Muziki kabla ya Shahada: Utunzi na Uimbaji katika Chuo cha Theolojia cha Kilutheri Makumira

1.0 Utangulizi

Historia ya elimu ya juu nchini Tanzania huandikwa aghalabu kwa kufuata tarehe za ithibati, mitaala na mahafali. Utaratibu huo una manufaa yake, lakini una kasoro moja unapohusu muziki: unachukulia kwamba muziki ulianza kusomwa siku ulipoingizwa katika orodha ya programu za shahada. Makala hii inapinga dhana hiyo kwa kuchunguza Makumira, chuo kidogo cha Kikristo kilichopo Usa River, mashariki ya mji wa Arusha, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira.

Hoja inayojengwa hapa ni kwamba katika miaka ya 1960 wanafunzi wa theolojia wa Makumira walifanya kazi ya kitaaluma katika muziki, ingawa hawakusajiliwa kuwa wanafunzi wa muziki. Walikusanya lahani, walichunguza uhusiano wa maneno na sauti, walitunga, na walipima matokeo yao kwa kuyaimba. Kuitambua kazi hiyo kuwa ni taaluma kunabadili namna tunavyojibu maswali mawili ambayo bado yanakikabili chuo chochote kinachofundisha muziki wa Kiafrika: nani ni mwanazuoni, na nani ni mwenye wimbo?

2.0 Urithi wa Kimisheni na Tatizo la Mkazo

Ulutheri uliingia katika eneo ambalo sasa ni Tanzania Bara kupitia mashirika kadhaa ya kimisheni ya Kijerumani. Misheni ya Berlin ilianza kazi Nyanda za Juu Kusini mwaka 1891. Misheni ya Leipzig ilifika Kilimanjaro mwaka 1893. Misheni ya Bethel ilifanya kazi Usambara tangu 1891 na baadaye ikafika Bukoba mwaka 1910. Pamoja na Biblia na Katekisimu, mashirika hayo yalileta tenzi za makanisa ya Kijerumani. Maneno ya tenzi hizo yalitafsiriwa, lakini lahani zake zilibaki kama zilivyokuwa.

Uamuzi huo wa kutafsiri maneno na kuacha lahani ulizaa tatizo la kiisimu ambalo halijapewa uzito unaostahili. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Kwa hiyo neno la kawaida la Kiswahili huishia katika silabi isiyo na mkazo: Bwana, moyo, amani, wokovu. Lahani nyingi za Kijerumani na Kiingereza, kwa upande wake, zina mistari inayoishia katika pigo zito, kwa sababu lugha hizo zina maneno mengi ya silabi moja na maneno yenye mkazo mwishoni. Mfasiri anapoweka neno "Mungu" mwishoni mwa mstari wa aina hiyo, pigo zito huangukia "-ngu", na mwimbaji hulazimika kulitamka neno kinyume na lugha yake. Kiswahili kina maneno machache mno ya silabi moja yanayoweza kufunga sentensi, hivyo mfasiri hana njia rahisi ya kujinasua.

Tatizo huwa kubwa zaidi katika lugha zenye toni, kama vile Kihaya na Kinyaturu. Katika lugha hizo kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe. Lahani inayopanda mahali ambapo neno linashuka inaweza kuficha maana au kuigeuza. Muumini aliweza kuimba kwa moyo wote maneno ambayo msikilizaji asiyeyajua kwa kichwa asingeyatambua.

Haifai hata hivyo kudai kwamba waumini wa Kiafrika hawakuzipenda tenzi hizo. Walizipokea, wakazifanya zao, na mpaka leo sehemu kubwa ya Tumwabudu Mungu Wetu, kitabu cha nyimbo na ibada cha Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), imejengwa juu yake. Kinachodaiwa hapa ni kwamba lugha za waimbaji zilifinyangwa zifuate lahani za wageni, na kwamba suala hilo lilihitaji watu wenye uwezo wa kulichunguza kwa masikio yao wenyewe.

3.0 Mazingira ya Miaka ya Uhuru

Elimu ya theolojia ya Kilutheri katika ngazi ya chuo ilianzia Lwandai, Usambara, mwaka 1947, kisha ikahamishiwa Makumira mwaka 1954. Mwaka 1963 makanisa ya Kilutheri yaliyokuwa katika shirikisho yaliungana kuunda kanisa moja, ambalo leo ni KKKT. Chuo cha Makumira kikawa mahali ambapo vijana kutoka Bukoba, Kilimanjaro, Usambara, Singida na Nyanda za Juu Kusini walikaa pamoja na kuombea katika kanisa moja la chuo. Kila mmoja alikuja na nyimbo za kwao: za kazi, za ndoa, za msiba na za mavuno. Hali hiyo ya kukutana ndiyo iliyokuwa rasilimali ya kwanza ya chuo katika muziki.

Rasilimali ya pili ilikuwa hali ya kisiasa. Katika hotuba yake ya mwaka 1962 ya kuanzisha Jamhuri, Mwalimu Julius Nyerere alisikitika kwamba wasomi walifundishwa kuthamini dansi za Wazungu huku wakizionea haya ngoma za wazee wao, na akatangaza kuundwa kwa wizara ya kushughulikia utamaduni wa taifa. Mwanafunzi wa theolojia wa miaka hiyo alikuwa anajiandaa kuwa mchungaji katika nchi iliyokwisha kuulizwa hadharani inaimba nyimbo za nani.

Rasilimali ya tatu ilikuwa mjadala uliokuwa ukiendelea nje ya chuo. Mwaka 1960 Henry Weman, mwanamuziki wa kanisa kutoka Uswidi, alichapisha Uppsala kitabu kuhusu muziki wa Kiafrika na Kanisa barani Afrika. Mwaka 1963 Padri Stephen Mbunga, Mtanzania, alichapisha kazi yake juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Desemba ya mwaka huohuo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati ya liturujia ambayo ilitaka muziki wa asili wa watu upewe heshima na nafasi inayostahili katika ibada. Kazi ya Mbunga ina umuhimu wa pekee katika hoja hii, kwani inaonesha kwamba swali la muziki wa Kiafrika kanisani halikuwa hisani ya wamisionari. Waafrika wenyewe walikuwa wakiliuliza, tena kwa kiwango cha juu cha kitaaluma.

4.0 Tumshangilie Mungu kama Kazi ya Utafiti

Mwaka 1968 Makumira ilitoa kitabu cha nyimbo za Kikristo za Kiafrika kiitwacho Tumshangilie Mungu. Mhariri wake alikuwa Howard Olson, mmisionari Mmarekani aliyefundisha chuoni hapo kwa miaka mingi. Olson alikuwa mwanaisimu: utafiti wake kuhusu fonolojia na mofolojia ya Kinyaturu ulichapishwa mwaka 1964. Mtu aliyekwisha kushughulika na lugha yenye toni kwa undani namna hiyo hakuweza kulichukulia suala la maneno na lahani kuwa jambo dogo.

Lakini mhariri si mtunzi. Miongoni mwa nyimbo zilizotoka Makumira katika kipindi hicho, mbili zimesafiri mbali zaidi: "Mfurahini, Haleluya", wimbo wa Pasaka wa Bernard Kyamanywa, na "Njoo kwetu, Roho mwema" wa Wilson Niwagila, wimbo wa kumwomba Roho Mtakatifu. Niwagila baadaye aliandika historia ya Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ya KKKT, iliyochapishwa mwaka 1988. Wanaomnukuu kama mwanahistoria mara nyingi hawamtaji kama mtunzi, na wanaoimba wimbo wake mara nyingi hawajui kwamba aliandika historia. Mgawanyiko huo ndio hasa unaohojiwa na makala hii.

Tukichunguza kilichotakiwa ili wimbo wa aina hiyo upatikane, tunaona hatua ambazo mtafiti yeyote angezitambua. Kwanza, mtunzi alipaswa kuifahamu lahani kwa kuiimba, na pale alipoitwaa kutoka katika jamii yake, kujua ilitumika wapi na ilibeba kumbukumbu gani, kwa maana lahani ya ngoma fulani inaweza kuwakera waumini wanaoijua asili yake. Pili, alipaswa kupanga maneno ya Kiswahili ili mkazo wa neno na pigo la muziki vikutane. Neno "haleluya", ambalo katika Kiswahili lina mkazo katika silabi ya "lu", linafaa sana kufunga mstari unaotulia katika pigo jepesi. Tatu, alipaswa kulipanga fundisho la theolojia katika beti na kiitikio, ili mtu asiye na kitabu aweze kushiriki tangu mara ya kwanza. Nne, kazi yote ilipimwa kwa kuimbwa. Wimbo usioimbika haukuhitaji mtahini wa nje. Waimbaji wenyewe waliuacha.

Hatua hizi ni ukusanyaji wa data, uchambuzi, uwasilishaji na uthibitishaji. Tofauti pekee ni kwamba ripoti yake ilitolewa kwa sauti.

5.0 Mwelekeo wa Tafsiri Unapogeuka

Mwaka 1977 Olson alitoa nchini Marekani mkusanyiko wa tenzi za Kiafrika kwa Kiingereza. Kwa muda wa vizazi vitatu tafsiri ilikuwa imetoka Ulaya kuja Afrika. Sasa mfasiri wa Kiingereza ndiye aliyelazimika kufinyanga lugha yake ifuate lahani ya Kiafrika na maneno ya Kiswahili. Tenzi za Kyamanywa na Niwagila ziliingia katika vitabu vya ibada vya Walutheri wa Marekani, kikiwemo kile kilichotolewa mwaka 2006.

Mafanikio hayo yana upande wake wa pili. Katika kitabu hicho lahani ya "Mfurahini, Haleluya" inatajwa kuwa ya asili ya Tanzania, na hakimiliki inatajwa kuwa ya Chuo cha Theolojia cha Kilutheri Makumira. Maelezo hayo yanamlinda mtunzi na chuo dhidi ya uchapishaji holela, na si haki kuyabeza. Hata hivyo, lahani yoyote inayoitwa "ya Tanzania" ilikuwa ya watu fulani, wa lugha fulani, kabla ya kuwepo nchi iitwayo Tanzania. Jina la taifa linaheshimu na kufuta kwa wakati mmoja. Sheria ya hakimiliki hutafuta mtu au taasisi. Haina safu ya kuandika kijiji.

Aidha, ukurasa hubeba sehemu tu ya wimbo. Nota, ziwe za mistari mitano au za solfa, huonesha kimo na urefu wa sauti. Ni vigumu kuonesha kwa nota namna kiongozi anavyoianza sauti kabla waitikiaji hawajamaliza, namna ngoma inavyojibizana na kayamba, au namna mwili unavyoyumba na kulipa pigo jepesi uzito wake. Kwaya ya Minnesota inaweza kuimba nota zote sawasawa na bado ikaukosa wimbo. Maarifa hayo yalibaki kwa waliouimba. Kwa maana hiyo, utendaji si mapambo ya utafiti. Ndio hifadhi ya kile ambacho maandishi yameshindwa kukitunza.

Inaweza kudaiwa kwamba mradi uliosimamiwa na mhariri wa kigeni, ukaandikwa kwa nota za kigeni, ulikuwa mwendelezo wa umisionari kwa sura nyingine. Dai hilo lina ukweli kuhusu madaraka: aliyehariri ndiye aliyechagua kipi kichapwe. Lakini likichukuliwa lote linamfuta mwanafunzi kwa mara ya pili, kwa kumfanya chombo cha mwalimu wake. Mhariri aliweza kuchagua na kusahihisha. Hakuweza kukumbuka kwa niaba ya mwanafunzi nyimbo za utoto wake.

6.0 Hitimisho

Mwaka 1997 Makumira ilikuwa chuo kikuu kishiriki cha Tumaini, na baadaye muziki ukapata nafasi katika programu zake za shahada. Hiyo ni hatua ya kupongezwa. Mwanafunzi wa sasa anaweza kusoma nadharia, kupiga ala na kufanya utafiti akiwa na cheti mkononi, jambo ambalo kizazi cha 1968 hakikulipata.

Hata hivyo, shahada huja na mizani yake, na mizani ya chuo kikuu hupima karatasi kwa urahisi zaidi kuliko sauti. Endapo onesho la mwanafunzi litahesabiwa kuwa burudani ya mahafali na insha yake pekee kuwa elimu, chuo kitakuwa kimeikana njia iliyokizalia matunda yake mashuhuri zaidi. Makala hii inapendekeza mambo matatu: onesho la muziki lihifadhiwe katika hazina ya chuo kwa sauti na picha, pamoja na tasnifu, kila lahani inayokusanywa iandikwe pamoja na jamii, lugha na shughuli ilikotoka, na watunzi wa Tumshangilie Mungu wasomwe katika kozi za historia ya taaluma nchini kama watafiti, si kama waumini wenye vipaji tu. Lisipofanyika hilo, wimbo utaendelea kuimbwa katika makanisa ya mbali kwa jina la nchi nzima, huku watu walioutoa wakikosa hata mstari mmoja katika historia ya chuo chao.