Uhakiki Usioandikwa: Maoni ya Watazamaji wa Sinema katika Afrika Mashariki Tangu 1935

1.0 Utangulizi

Historia ya uhakiki wa Kiswahili kwa kawaida huanzia kwenye maandishi: dibaji za tenzi zilizohaririwa, makala ya majarida ya vyuo vikuu, na miongozo ya riwaya na tamthilia zilizoteuliwa kutahiniwa shuleni. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba mkabala huo umeacha nje sehemu kubwa ya uhakiki uliofanywa kwa Kiswahili katika karne ya 20, yaani maoni ambayo watazamaji wa sinema walipeana barazani, sokoni, kazini na majumbani. Filamu ilipotazamwa ilisimuliwa; iliposimuliwa ilipimwa; na kipimo hicho kiliwasaidia wengine kuamua iwapo wangetoa pesa zao kesho yake kuitazama.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kumpendekezea mtu filamu hakukuwa porojo tu. Kulikuwa na vigezo, istilahi na kanuni za utendaji, na misingi yake ilitokana na fasihi simulizi. Ili kuithibitisha hoja hiyo, makala yataanza na jinsi wakoloni walivyomwandika mtazamaji wa Kiafrika, kisha yatachunguza filamu moja iliyozua mjadala mpana, halafu yatabainisha kanuni za usimulizi wa filamu na mabadiliko yaliyoletwa na video.

2.0 Mtazamaji Aliyeandikwa na Wengine

Kati ya mwaka 1935 na 1937, Jaribio la Sinema ya Elimu kwa Wabantu liliendeshwa kutoka Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Liliasisiwa chini ya Baraza la Kimataifa la Wamisionari, likafadhiliwa hasa na Shirika la Carnegie la Marekani, na kuongozwa na Meja L. A. Notcutt akishirikiana na G. C. Latham. Filamu zipatazo 35 zilitengenezwa kuhusu mambo kama vile safura, kodi na akiba ya posta. Maelezo yake yalirekodiwa kwenye sahani za santuri katika lugha mbalimbali, na lori likazitembeza filamu hizo katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Mwaka 1937 Notcutt na Latham walichapisha kitabu kuhusu kazi hiyo. Ni hati muhimu, lakini mtazamaji anayepatikana humo ni yule aliyetazamwa na mwingine. Anacheka, anashangaa, anaelewa au haelewi. Na anayeamua kama ameelewa ni mwandishi wa ripoti. Mtindo huo uliendelezwa na Kitengo cha Filamu za Makoloni kilichoanzishwa London mwaka 1939 na kufungwa mwaka 1955. Mkuu wake, William Sellers, alishikilia kwamba Mwafrika asiyejua kusoma alihitaji filamu ya mwendo wa polepole, yenye picha zinazokaa muda mrefu na isiyoruka kutoka mahali hadi mahali bila maelezo.

Kisa kinachotajwa mara nyingi kuunga mkono nadharia hiyo ni kile cha kuku. John Wilson alieleza jinsi filamu ya kufundisha usafi na uondoaji wa maji yaliyotuama ilivyoonyeshwa kwa Waafrika wa kijijini. Walipoulizwa walikuwa wameona nini, walijibu kwamba waliona kuku. Watengenezaji wenyewe hawakujua kama mlikuwa na kuku. Walipoichunguza filamu yao upya wakamkuta akipita pembeni kwa muda wa kama sekunde moja. Marshall McLuhan alikisambaza kisa hiki katika kitabu chake cha mwaka 1962 kama ushahidi wa namna wasiojua kusoma wanavyoona picha.

Yafaa kutambua swali lenyewe. Kwa Kiswahili, kuna tofauti kubwa kati ya kumuuliza mtu "Umeona nini?" na kumuuliza "Waonaje?" Swali la kwanza hupima macho, la pili huomba rai. Watu wale waliulizwa la kwanza, wakalijibu kwa usahihi kuwashinda waliowauliza, kisha jibu lao likahesabiwa kuwa upungufu. Utafiti wa kikoloni ulijaza kurasa nyingi kwa majibu ya "umeona nini". Majibu ya "waonaje" yalibaki mitaani, ambako hapakuwa na karani wa kuyaandika.

3.0 Filamu ya Awara na Swali la Nasaba

Wakati Sellers akisisitiza mwendo wa polepole, watazamaji wa miji ya pwani walikuwa wakitazama jambo tofauti kabisa. Filamu za Kihindi zenye sauti, zilizoanza na Alam Ara mwaka 1931, zilijipatia mashabiki wengi Unguja, Dar es Salaam na Mombasa. Nyingi zilikuwa ndefu, zenye nyimbo, ndoto na kurejea nyuma kwa wakati, na lugha yake haikueleweka kwa wengi wa waliozitazama. Hata hivyo zilifuatwa, zikapendwa na zikajadiliwa. Kuwepo tu kwa hadhira hiyo kunaitia dosari nadharia nzima ya Kitengo cha Filamu za Makoloni.

Mfano ulio bora zaidi ni Awara ya mwaka 1951, iliyoongozwa na Raj Kapoor, ambaye pia aliigiza humo pamoja na Nargis. Jaji Raghunath amemhukumu Jagga kwa kuwa tu baba yake alikuwa mhalifu, kwani anaamini kwamba mwana wa mwizi hana budi kuwa mwizi. Jagga analipiza kisasi kwa kumteka mke wa jaji. Mke anaporudi akiwa mjamzito, jaji anaingiwa na shaka na kumfukuza. Mtoto, Raj, analelewa katika umaskini na kufundishwa wizi na Jagga mwenyewe. Baadaye anampenda Rita, aliyelelewa na jaji huyo huyo, na hatimaye ni Rita anayesimama mahakamani kumtetea.

Mwanahistoria Laura Fair, aliyewahoji watazamaji wengi wa Unguja na Tanzania Bara na kuchapisha kitabu kuhusu sinema nchini humo mwaka 2018, ameonyesha kwamba Awara ilidumu katika kumbukumbu za watu kwa miongo mingi. Katika utafiti wake, filamu za aina hii zinaonekana kuwapa vijana wa miaka ya 1950 na 1960 fursa ya kuzungumzia mapenzi na haki ya mtu kujichagulia mwenzi, mambo yasiyozungumzwa kwa urahisi mbele ya wazazi.

Fasiri hiyo ina uzito, lakini haimalizi suala. Kwa mhakiki wa Kiswahili, kiini cha Awara ni mgongano wa methali mbili. Jaji anaishi kwa ile isemayo "Mtoto wa nyoka ni nyoka". Filamu inamjibu kwa ile isemayo "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo". Katika miji ambamo nasaba ilitumiwa kupanga daraja za watu, kuamua nani amwoe nani na nani aitwe mstaarabu, hilo halikuwa swali la Bombay pekee. Aliyetoka ukumbini na kumwambia jirani yake kwamba kosa lilikuwa la jaji, si la Raj, alikuwa amechukua msimamo kuhusu mtaa wake mwenyewe. Vilevile, aliyemtetea jaji kwa hoja kwamba mume ana haki ya kuingiwa na shaka alikuwa akizungumzia talaka na heshima ya wanawake waliomzunguka. Filamu iliwapa watu mahali pa kubishania mambo hayo bila kumtaja mtu yeyote kwa jina.

Hapa ndipo nafasi ya wanawake inapohitaji kutajwa. Katika Unguja kulikuwa na maonyesho ya wanawake pekee, na kwa njia hiyo wengi waliotengwa na mabaraza ya wanaume walipata kutazama, kulia na kutoa hukumu pamoja. Ni vigumu kupata jukwaa jingine la wakati huo ambamo wanawake wa rika na matabaka tofauti walijadili hadithi moja kwa wakati mmoja.

Haifai, hata hivyo, kudhani kwamba hali ilikuwa moja kila mahali. Fair ameeleza kwamba majumba ya Unguja na Tanganyika yaliwapokea watazamaji wa rangi zote kwa kiwango ambacho hakikuonekana Kenya. Katika koloni la walowezi, ukaguzi wa filamu ulizingatia rangi ya mtazamaji: filamu moja ingeweza kuruhusiwa kwa Mzungu na kukatazwa kwa Mwafrika. Kwa hiyo, mazungumzo ya sinema nchini Kenya yalibeba pia swali la nani alikuwa na haki ya kutazama na kutoa rai.

4.0 Kanuni za Usimulizi wa Filamu

Usimulizi wa filamu ulifuata kanuni ambazo mwanafunzi wa fasihi simulizi atazitambua mara moja. Kwanza, msimulizi hakuficha mwisho. Katika magazeti ya Ulaya na Marekani, mhakiki anayefichua mwisho wa filamu huhesabiwa kuwa amemharibia msomaji. Katika usimulizi wa mtaani mambo yalikuwa kinyume. Hadithi ilitambwa yote, na aliyeisikia akaenda kuitazama kwa hamu zaidi, sawa na hadhira ya ngano inayojua kitakachompata fisi na bado inakaa kusikiliza. Kilichotafutwa kilikuwa namna jambo litakavyotendeka, si kama litatendeka. Aidha, kwa hadhira isiyojua Kihindi, muhtasari huo ulikuwa msaada halisi wa ufahamu.

Pili, palikuwa na istilahi. Neno "steringi", linalotokana na Kiingereza, lilipata maana mahususi ya mhusika mkuu wa filamu, naye alipingwa na "adui". Kauli maarufu kwamba steringi hauawi ni kanuni ya utanzu iliyotamkwa kwa maneno mawili. Inaeleza matarajio ya hadhira, na inampa mtazamaji kigezo cha kuhukumu: steringi akifa, je, filamu imekosea, au huyo hakuwa steringi tangu mwanzo? Katika miaka ya 1970, Hans Robert Jauss na wenzake wa Konstanz walijadili dhana ya upeo wa matarajio. Watazamaji wa vibandani walikuwa na istilahi yao wenyewe kwa jambo lililo karibu sana na hilo.

Tatu, filamu ilipimwa kwa funzo lake na kwa nyimbo zake. Kigezo cha nyimbo ndicho kilichoacha alama inayodumu zaidi. Mohamed Khamis Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, alijulikana sana kwa kuimba mashairi ya Kiswahili kwa mahadhi ya nyimbo za filamu za Kihindi. Uteuzi wa lahani ni tendo la kihakiki. Anayeitwaa lahani moja na kuziacha nyingine amekwisha kuamua ipi yafaa kukumbukwa. Na anapoitilia maneno mapya, anatarajia msikilizaji anayeikumbuka filamu na atakayezilinganisha huzuni mbili, ile ya skrini na ile ya shairi. Taarabu ya namna hii inastahili kusomwa kama kumbukumbu ya uhakiki, pamoja na kusomwa kama muziki.

5.0 Kutoka Minong'ono hadi Kipazasauti

Kuanzia miaka ya 1980, video ilileta vibanda vya kutazamia filamu, huku majumba makubwa yakififia na mengi yakigeuzwa makanisa au maduka. Katika mazingira hayo, msimulizi aliyekuwa akimnong'onezea jirani kitini alipata kipazasauti. Uganda ilikuza wasimulizi wa Kiluganda waliozungumza juu ya filamu huku ikionyeshwa. Tanzania ilimpata Lufufu, aliyesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, na ambaye Matthias Krings amemchunguza katika kitabu chake cha mwaka 2015. Nchini Kenya, DJ Afro alipata umaarufu mkubwa katika miaka ya 2000 kwa kusimulia filamu kwa mchanganyiko wa Kiswahili na Sheng.

Wengi wamewaita wasimulizi hawa wafasiri. Jina hilo halitoshi. Msimulizi wa kibandani humkejeli adui, humwonya steringi, hutaja barabara za Nairobi katika hadithi ya Hong Kong, na wakati mwingine huikosoa filamu yenyewe inapokuwa dhaifu. Anaitafsiri na kuitathmini kwa pumzi moja. Kwa istilahi za fasihi simulizi, yeye ni fanani, na filamu ni malighafi yake.

Ipo hasara pia. Katika mazungumzo ya baraza kila mtu alikuwa na haki ya kupinga. Kipazasauti ni cha mtu mmoja, na rai yake hufika pamoja na picha kabla mtazamaji hajajitafutia yake. Aidha, vibanda vingi vilikuwa makao ya vijana wa kiume, kwa hiyo sauti ya kike iliyokuwa na nguvu katika maonyesho ya Unguja haikupata nafasi sawa humo.

6.0 Hitimisho

Mnamo Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitoa hoja katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi kwamba Idara ya Kiingereza ivunjwe, na fasihi simulizi ya Afrika ipewe nafasi kuu katika masomo. Hoja hiyo ilizaa matunda, na ngano, methali na nyimbo zikaingia katika mitaala. Hata hivyo, ilipokubaliwa kwamba wananchi wasiosoma vitabu wana fasihi, haikukubaliwa kwa uzito uleule kwamba wana uhakiki. Msimulizi wa ngano alipewa cheo cha msanii. Aliyetoka sinema na kueleza kwa nini jaji wa Awara alikosea akabaki kuwa mpiga soga.

Kurekebisha jambo hilo kunahitaji kazi ya nyanjani, na muda wake ni mfupi. Kijana wa miaka 15 aliyeitazama Awara mwaka 1955 amekwisha kuvuka miaka 80. Fair na watafiti wengine wameokoa sehemu ya kumbukumbu hizo, hasa za Tanzania. Mombasa, Lamu, Kisumu na mitaa ya Nairobi bado inahitaji kazi ya kiwango hicho, na hapana sababu ya kuwaachia wanahistoria peke yao. Mwanafunzi wa uzamili katika fasihi anazo zana zinazofaa: anajua kurekodi utendaji, kutofautisha fanani na hadhira, na kusikiliza kinachosemwa kupitia hadithi ya mwingine. Inambidi tu aende na swali linalofaa. Wazee hao wamekwisha kuulizwa mara nyingi waliona nini. Sasa waulizwe waonaje.