Lev Vygotsky na Chimbuko la Fikra za Mtoto: Funzo kwa Walimu wa Kipaimara

Katika makala hii fupi tunakusudia kueleza jinsi mtaalamu mmoja wa Urusi ya Kisovieti alivyolijibu swali linalotuhusu sana sisi tulio walimu wa watoto wa Kanisa. Je, mtoto hufikiri kwanza peke yake, ndipo azungumze na wenzake? Au hujifunza kufikiri kwa kuzungumza nao?

Lev Vygotsky alizaliwa mwaka 1896 huko Orsha, mji ambao leo umo Belarus, akakulia Gomel katika familia ya Kiyahudi. Alisomea sheria Moscow, kisha akarudi Gomel kufundisha. Januari 1924 alihutubia mkutano wa wanasaikolojia mjini Petrograd, na mwaka huo huo akaanza kazi katika taasisi ya saikolojia ya Moscow. Alikuwa amebakiza miaka kumi tu ya kuishi, tena akiwa mgonjwa wa kifua kikuu.

Wakati huo Jean Piaget wa Uswisi alikuwa ametoa kitabu juu ya lugha na fikra za mtoto, mwaka 1923. Piaget aliona kwamba watoto wadogo wachezapo husema wenyewe, pasipo kujali kama wanasikilizwa. Alidhani kwamba usemi huo hufifia na kutoweka kadiri mtoto anavyozoea kuishi na wenzake.

Vygotsky hakukubali. Yeye na wasaidizi wake walimtatiza mtoto aliyekuwa akichora, kwa mfano kwa kumkosesha penseli ya rangi aliyoihitaji. Usemi wake wa peke yake ukaongezeka karibu maradufu. Kumbe mtoto alikuwa akijishauri! Tena walipomweka kati ya watoto viziwi, au watoto wa lugha ngeni, usemi huo ulipungua sana. Kama ungalikuwa wa nafsi yake tu, usingalipungua kwa kukosa wa kumwelewa. Kwa hiyo Vygotsky alihitimisha kwamba chimbuko la usemi huo ni mazungumzo na watu, wala hautoweki, bali huingia ndani ukawa fikra isiyo na sauti. Lile ambalo mtoto hulifanya kwanza pamoja na wengine, baadaye hulifanya moyoni mwake.

Kutokana na hayo alitoa mfano wa watoto wawili ambao, wakipimwa kila mmoja peke yake, wote huonekana kuwa na akili ya miaka 8. Lakini wakisaidiwa kidogo kwa swali au kidokezo, mmoja huweza kutatua mafumbo ya mtoto wa miaka 12, na mwingine ya miaka 9 tu. Basi si haki kusema kwamba wako sawa. Kipimo cha mtoto si kile tu anachokijua leo, bali pia kile anachoweza kukifikia akishikwa mkono.

Vygotsky alifariki tarehe 11 Juni 1934, akiwa na umri wa miaka 37. Kitabu chake kikuu juu ya fikra na usemi kilitoka mwaka huo huo. Mwaka 1936 Chama cha Kikomunisti kilitoa amri dhidi ya elimu ya makuzi ya mtoto ya namna ile, na maandiko yake yakawekwa kando hadi yalipochapishwa tena mwaka 1956. Hivyo, mtu aliyefundisha kwamba fikra huzaliwa katika mazungumzo alinyamazishwa na watawala walioogopa mazungumzo.

Sisi hatuhitaji kuupokea Umarksi wake ili tukubali ukweli huu juu ya kiumbe cha Mungu. Musa aliwaagiza wazazi wayanene maneno ya Bwana nyumbani na njiani (Kum. 6:7), na mtoto Yesu alionekana hekaluni akisikiliza na kuuliza (Luka 2:46). Naye Luther aliitunga Katekisimo Ndogo mwaka 1529 kwa maswali na majibu, ili mkuu wa nyumba awafundishe watu wake. Aliagiza maneno yashikwe kwanza kwa moyo, kisha maana yake ifundishwe.

Hapa yatupasa kuungama. Tumeishika sehemu ya kwanza ya agizo hilo, ya pili tumeiacha. Tumewatahini watoto waliokariri amri zote kumi bila kukosea. Tulipowauliza maana yake, wakainamisha vichwa. Tuliwahesabu kuwa wazito wa akili, na huenda tuliwanyima kipaimara watu ambao hakuna aliyewahi kuketi nao na kuzungumza. Babu zetu walipotega vitendawili jioni hawakumwacha mtoto afikiri peke yake; walimpa dokezo, wakamngoja, naye akipata jibu akawa mtegaji.

Basi, ndugu watumishi, kabla ya kumpima mtoto tena kwa yale aliyoyakariri, tujiulize kwanza tumezungumza naye mara ngapi.