Bastola ya Mirambo na risasi zake 200

Wadau, leo tuwape wanasiasa wetu likizo kidogo. Tupande treni ya Reli ya Kati mpaka Tabora, tuzungumzie bastola. Simaanishi hizi za majambazi wa mjini. Nazungumzia bastola moja ya mwaka 1876.

Tuanze kwa wenzetu. Marekani kuna watu ambao ugonjwa wao ni kukusanya bastola za kale. Wanazisafisha, wanazitia mafuta, mwisho wa wiki wanazipeleka uwanjani kulenga shabaha. Kampuni ya Colt iliona biashara hapo, na tangu 1961 ikawa inatengeneza bastola maalumu za ukumbusho, hii ya mji fulani, ile ya tukio fulani. Kwa wakusanyaji, bastola yenye hadithi haina bei ya kawaida. Agosti 2021, Colt ambayo sherifu Pat Garrett alimuulia Billy the Kid mwaka 1881 iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 6. Kama chuma haina maajabu, zilitengenezwa nyingi za aina ile. Aliyenunua alinunua hadithi.

Haya, na sisi je? Hadithi tunayo, tena Billy the Kid haoni ndani.

Mwaka 1871 mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alifika Tabora akimtafuta Livingstone. Alikuwa ametembea miezi mitatu kutoka Bagamoyo. Alikuta njia ya kwenda Ujiji imefungwa na Mirambo, mtemi wa Urambo, aliyekuwa amechoka kuona misafara ya Waarabu inapita na pembe za ndovu bila yeye kupata haki yake. Waarabu wa Tabora wakaamua kwenda kumtia adabu. Stanley naye akajiunga, na bunduki zake za kisasa. Wakateka ngome, wakabeba pembe na mateka, wakaanza kurudi wakishangilia. Mirambo alikuwa anawasubiri njiani. Kilichofuata ni kukimbia, na Stanley akiwemo. Siku chache baadaye, Agosti 22, Mirambo aliingia Tabora yenyewe na kuchoma sehemu ya mji.

Alipiganaje? Silaha kubwa ya rugaruga wake wenye bunduki ilikuwa gobore. Kwa vijana wa mjini ambao hamjawahi kuliona: unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unashindilia kwa mdeki, unatia risasi, unashindilia tena, ndipo unapiga. Ukikosa, uwe na mbio. Magobore hayo yalitoka wapi? Ulaya. Majeshi ya kule yalipohamia kwenye bunduki za kujazwa kwa nyuma, zile za zamani zilikosa kazi, zikapakiwa melini kuja Zanzibar, zikapandishwa bara kwa mabega ya wapagazi. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kuwa silaha kati ya 80,000 na 100,000 zinaingia Afrika Mashariki kila mwaka. Mitumba haikuanza na nguo, ndugu zangu.

Tuje sasa kwenye bastola yetu. Aprili 1876 Stanley alipita tena Unyamwezi, safari hii akitokea Uganda. Akakutana uso kwa uso na yule yule aliyemkimbiza miaka mitano nyuma. Alitegemea kuona jambazi, akamkuta mtu mpole, mwenye maneno machache na heshima zake. Wakachanjiana, wakawa ndugu wa damu, na aliyesimamia shughuli hiyo alikuwa Manwa Sera, nahodha wa msafara wa Stanley. Zikafuata zawadi. Mirambo alitoa nguo. Stanley akatoa bastola, risasi 200 na vikorokoro vingine vya Uingereza. Mirambo hakutaka kushindwa kwa ukarimu, akaagiza ng'ombe wa maziwa na ndama wao, na madume juu yake.

Wengi wakifika hapa wanaona picha nzuri ya urafiki. Mimi nasimama kwenye ile namba: 200.

Gobore ni silaha ya mtu maskini, lakini halichagui chakula. Risasi ikiisha, mhunzi wa kijijini atakufulia kipande cha chuma, na Wanyamwezi walikuwa na wahunzi hodari. Mtutu ukilegea, unafungwa. Bastola ya kisasa wakati ule ilikuwa kitu kingine kabisa. Inapiga mara kadhaa bila kushindilia, lakini inataka risasi zake yenyewe, za kiwandani, za kipimo kile kile. Ukipiga ya 200, umebaki na pambo la kiunoni, mpaka mwenye kiwanda akukumbuke. Ng'ombe wa Mirambo walizaa. Risasi za Stanley hazikuzaa.

Mirambo alilijua tatizo hilo kuliko sisi tunaolisoma. Katika vita ya 1871 Waarabu walijitahidi baruti isimfikie. Ndiyo maana alifanya biashara na Mswisi Philippe Broyon, na akampokea daktari mmisionari Southon aliyefika Urambo 1879. Alitaka mlango wake mwenyewe wa kwenda pwani, usiopita mikononi mwa Tabora. Mlango huo ulifungwa 1880, wapiganaji wake walipowaua Waingereza wawili, Carter na Cadenhead. Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar, akampa kisogo. Southon naye alifariki 1882 baada ya kupigwa risasi kwa bahati mbaya. Mirambo akafa Desemba 1884, na dola yake haikukaa muda mrefu baada yake.

Kisha wakubwa wa Ulaya wakaliandika jambo hilo kwenye karatasi. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za kisasa kumfikia Mwafrika, ila gobore la gumegume likaachiwa mlango kwa masharti. Hesabu ni rahisi: wewe baki na la kushindilia, mimi nije na bunduki ya mfululizo. Januari 1893 Wajerumani chini ya Tom von Prince waliingia kwenye boma la Isike, mtemi wa Unyanyembe. Isike hakukubali kukamatwa. Alijilipua kwa baruti yake mwenyewe.

Leo Tabora kuna kambi ya jeshi ya Mirambo. Pale Kwihara kuna tembe alilokaa Livingstone, limefanywa makumbusho. Vizuri. Lakini magobore yenyewe, yaliyopigana vita zote hizo, yamebaki kuwa habari ya polisi. Kila mara serikali inatangaza msamaha, watu wanasalimisha silaha, zinarundikwa na kuteketezwa. Sipingi. Gobore bado linaua watu na tembo, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 ina sababu zake.

Ninachouliza ni kimoja. Kabla ya moto kuwashwa, je, hawezi kuitwa mtu mmoja wa makumbusho akalikagua lile rundo? Aangalie alama za kiwanda kwenye vyuma, amuulize aliyelileta kama ni la babu, na babu alilipata wapi. Yale machache ya kale yazibwe mitutu yasipige tena, yapelekwe Kwihara na maelezo yake. Gharama yake ni nauli ya basi na kalamu. Mtu alitoa dola milioni 6 kwa bastola ya muuaji wa ng'ambo. Sisi tunatupa motoni ushahidi wa jinsi tulivyotawaliwa.

Mnasemaje wadau, hasa nyie wa Tabora na Urambo?